Ngoma za Miji Mitatu

Sogeeni karibu, hadithi inapita, asiyesikia asinilaumu.

Miji ya Mwale, Shungi na Kitope ilipolifukuza zimwi lililoitawala, iliwamba ngoma tatu kwa ngozi ya fahali mmoja, kila mji na yake. Moja ikipigwa, zote zilisema mapatano yaliyoandikwa juu ya ngozi hiyo.

Mwandishi alikuwa Mkadara wa Kitope. Aliandika, "Mwenzenu akivamiwa, njooni." Watu wake wakamnong'oneza, "Binti yetu, jana tulikuwa watumwa wa zimwi, leo tuamrishwe na ngoma?" Mkadara akaongeza neno moja: "mkipenda." Miji yote ikapiga vigelegele.

Zimwi likarudi, likaingia Shungi. Ngoma ikasema, "Njooni, mkipenda." Kitope walikuwa wakivuna mtama. "Aa, kesho," wakasema. Mkadara akainama, akaendelea kuvuna.

Likaingia Mwale. Ngoma ikasema, "Njooni, mkipenda." Kitope walikuwa harusini. Mkadara akapaza sauti ya wimbo ili asiisikie.

Likaingia Kitope. Mkadara akapiga ngoma mpaka viganja vikachubuka. "Njooni, mkipenda!" Hapakuwa na aliyebaki wa kuja.

Zimwi likala watu wote, yeye likampita.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe? Ala! Nimle aliyenifungulia mlango?"

Mkadara yu hai hadi leo, anakwangua lile neno kwa kisu, nalo halitoki. Hadithi naitua hapa. Mwenye mabega aibebe.