Mnyororo Juu ya Mlango wa Ukumbi

Yasemwa, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba mji wa Hijari ulitawaliwa na Sultani Badru bin Nuumani, na katika kuta za kasri lake alifungwa, kwa nyota ya chokaa, jini aitwaye Shamhari, aliyelazimika kutii kila alama iliyochongwa humo mpaka siku binti Sultani, Ruzuna, atakapoolewa. Tena hakuruhusiwa kunena ila aulizwe maana ya alama, na miaka nenda miaka rudi hakuna aliyeuliza.

Malkia Sauda alipenda nakshi kupita kiasi. Akachongesha mtende, alama ya neema, na Shamhari akashinda akibeba vikapu vya tende mpaka mgongo ukamuuma; akachongesha samaki, alama ya uzazi, na paka wote wa kasri wakazaa kwa mpigo. Hayo aliyavumilia. Lakini asubuhi ya harusi malkia alichongesha mnyororo juu ya mlango wa ukumbi, kwa kuwa ulifanana na mkufu wake.

Bwana harusi, Lukmani mwana wa waziri, akaja na joho jipya, na jini, huku akisaga meno, akambeba na kumtupa kwenye mavi ya ngamia. Akajipangusa, akarudi, akatupwa tena.

"Ewe Lukmani," akanguruma Sultani, "nyumba yangu imekukataa! Usipoingia kabla ya adhuhuri, ndoa haipo."

Ruzuna, aliyempenda Lukmani kwa dhati, akautazama ukuta akilia. "Mama, mnyororo huu maana yake nini?"

"Maana? Umependeza tu, mwanangu."

Mara ukuta ukapiga ukelele: "Alhamdulillahi, kumbe mna vinywa! Ee binti wa masultani, mnyororo ni kinga, asipite mwanamume mgeni, na mamako amenilazimisha kumtupa nje mtu pekee awezaye kunifungua! Nimechoka! Nimechoka na tende, nimechoka na paka!"

Ruzuna akanyakua kisu cha matunda akaukwangua mnyororo, malkia akilia kuwa anaharibiwa ukuta. Lukmani akaingia akinuka ngamia, ndoa ikafungwa, nyota ikabanduka, na Shamhari akatoka, akiwaachia maharusi kasha la lulu.

Hajafika mawinguni, akamsikia malkia akimwambia fundi: "Pale palipobanduka nirudishie ile nyota."

"Maana yake nini, mama?" akauliza Ruzuna.

"Aa, inapendeza."

Shamhari akashuka mbio, akampokonya fundi patasi, akatokomea nayo. Tangu hapo watu wa Hijari huuliza kwanza ndipo wapambe, na Ruzuna na Lukmani wakaishi kwa raha na watoto tele, na kila mtu akaridhika isipokuwa Malkia Sauda, aliyelalamikia ile patasi mpaka mwisho wa umri wake.