Gari Litakalomzika Sultani

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana nami niliambiwa hivyohivyo, palikuwa na Sultani akiitwa Badawi, mtawala wa kisiwa cha Mtambwi. Zama zile masultani walikuwa bado wakali, lakini magari yalikuwa yamekwisha kuingia duniani, ndipo Sultani naye akaingiwa na tamaa ya gari. Kisiwa chenyewe kilikuwa na barabara moja tu, itokayo mlango wa jumba lake hata msikiti wa Ijumaa, ikakata kona moja ikaishia bandarini. Kilima kirefu kuliko vyote kilikuwa jaa la taka nyuma ya soko, na hakuna aliyewahi kutamani kukipanda ila mbuzi.

Basi tajiri mmoja, jina lake Gongwe, akashusha magari mawili melini, akayaweka uani mwa jumba. La kwanza lilikuwa dogo, jekundu, la bei ya kawaida. Lina viti, lina usukani, lina honi, na likiwashwa linakwenda. La pili lilikuwa kubwa, jeusi, refu hata kulipanda ulihitaji kigoda, na kwa bei yake ungenunua mekundu matatu ukabakiwa na chenji ya kulisha biriani harusi nzima. Tajiri Gongwe akawa analizunguka akilipapasa ubavu kama muuza ng'ombe, akisema, "Seyidi, hili jeusi magurudumu yake yote manne yavuta. Lapanda mlima, lavuka mto, lakata jangwa!"

Mtambwi hakuna mlima, hakuna mto, wala jangwa, lakini Sultani alitikisa kichwa kwa kuridhika kabisa.

Hata hivyo bei ilimkaba. Asubuhi alitaka jekundu, jioni akataka jeusi, na chakula kikawa hakimpiti. Kila aliyemwomba shauri alizidi kumchanganya. Kadhi alisema jambo hilo lina kauli mbili. Waziri alisema, "Seyidi aonavyo ndivyo," nalo ndilo shauri pekee alilokuwa ametoa tangu ashike uwaziri. Mtu mmoja tu hakuyumba, naye ni Bwana Muhidini, mwana wa ndugu yake Sultani na mrithi wa kiti. Huyu alimfuata ami yake mpaka mlango wa hamamu.

"Ami," alisema, "jekundu utalinunua leo, litachoka, utanunua jingine, nalo litachoka, utanunua tena. Jeusi unanunua mara moja, kwisha maneno. Hiyo nyongeza unayolipa leo utairudisha kwa miaka."

Sultani aliona hayo ni maneno ya mtu mwenye akili zake. Shida ikawa hazina. Fedha za jekundu zilikuwapo. Za nyongeza hazikuwapo, hata ukikung'uta mkeka. Ndipo Waziri akapata shauri la pili tangu ashike uwaziri: wauzwe punda wote wa mji. "Ya nini punda, seyidi," alisema, "na sisi tuna gari?" Mbiu ikapigwa kwamba Jumamosi kila mwenye punda ampeleke bandarini, meli iwachukue wakauzwe bara, na fedha zao ziwe nyongeza ya gari la Sultani, Mungu amuweke.

Sasa, katika mji ule alikuwapo fukara mmoja jina lake Vuai, muuza maji. Watu wengine walimwita mpumbavu, maana ukimwambia jambo hulishika kama ulivyolisema, si kama ulivyokusudia. Siku moja mkewe alimwambia aangalie chungu kisimwagike, akakaa akakiangalia mpaka wali ukaungua, na kweli hakikumwagika. Mali yake yote ilikuwa punda mmoja, aliyemwita Kadhi, kwa kuwa hakuwa na haraka na alipenda kusimama njiani akafikiri. Kadhi mwenyewe, yule wa kilemba, alikuwa amelalamika mara nyingi juu ya jina hilo, lakini punda alikuwa amekwisha kulizoea.

Mbiu ilipopita, Vuai alikuwa kisimani anajaza mapipa. Akaitua kata ya kuchotea. Punda yule akiondoka, maji hayatafika mjini, na maji yasipofika mjini, jikoni kwake hakuwashwi moto. Akarudi nyumbani, akamkuta mkewe, Bi Mwanatumu, amekwisha kusikia, ameketi kizingitini anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Sasa mapipa atabeba nani, mume wangu?" akauliza. "Wewe? Wewe ambaye juzi umebeba muhogo ukalala siku mbili?"

"Nitakwenda kwa Sultani," akasema Vuai.

"Ukamwambie nini?"

"Sijui bado. Nitasikiliza kwanza watakachosema wao."

Basi akafunga msuli wake wa Ijumaa, akaenda. Alikuta baraza limejaa, Sultani juu ya kiti, Muhidini kuume, Waziri kushoto, na Tajiri Gongwe amesimama kati anatoa jasho la biashara. Vuai akainama hata paji la uso likagusa zulia.

"Nena," akasema Sultani.

"Seyidi, mtumwa wako ni muuza maji. Nimekuja kuuliza, hilo gari likinunuliwa kwa punda wetu, litapita asubuhi kuchukua mapipa?"

Watu wakacheka. Waziri akasema, "Ewe mjinga, gari la Sultani lichukue mapipa?"

"Ndiyo nauliza, bwana. Maana likichukua mapipa, mimi sina neno."

Sultani hakucheka, kwa kuwa hakuwa amelala vizuri. Akasema, "Vuai, punda wako ataishi miaka mingapi? Michache, kisha atakufa. Gari hili halifi. Tajiri, mwambie."

Tajiri Gongwe akanyoosha kidole mbinguni. "Wallahi, seyidi! Gari hili halijui kufa. Litakuzika wewe, Mungu akupe umri, litakuzika na litakuwa halijakohoa hata mara moja!"

"Inshallah!" wakaitikia watu wote barazani, kisha wakatazamana.

Lakini Sultani alifurahi. "Wasikia? Litanizika."

"Nimesikia, seyidi," akasema Vuai. "Litakuzika."

"Lakini ya kweli hayo?" Sultani akapiga mkono wa kiti. "Nimechoka na maneno! Kila mtu ananiletea maneno. Haya, wewe uliyekuja kunirushia kijembe katika baraza langu, kazi hii ni yako. Ijumaa asubuhi unionyeshe kwa macho yangu miaka yote ya gari hili mpaka mwisho wake, nijue kama nyongeza hiyo inalipa au hailipi. Ukiweza, punda wa mji watabaki. Ukishindwa, punda wako atatangulia kupanda meli, nawe utafuata nyuma, umefungwa kamba hiyohiyo."

Waziri akachekelea. Nani aliyewahi kuonyesha leo miaka ambayo haijaja? Vuai naye akamwona Kadhi wake juu ya meli na yeye nyuma ya mkia. Akasema, "Hewalla, seyidi. Ila naomba mambo mawili. Nipewe gari asubuhi hiyo na mtu wa kuliendesha, na niruhusiwe kufuata maneno ya tajiri, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza."

"Umeruhusiwa."

"Neno kwa neno, seyidi?"

"Neno kwa neno! Baraza lote shahidi! Nenda zako!"

Hata Ijumaa asubuhi Sultani alikuwa anakunywa kahawa, akasikia vilio nje. Si vilio vya mtoto aliyeanguka. Vilio vya msiba, wanawake wengi, wanajipiga vifua. Akatoka barazani na kikombe mkononi. Akaona gari jeusi linakuja polepole, limefungwa jeneza juu ya paa, na jeneza limefunikwa shuka ya kijani yenye nembo ya Sultani mwenyewe. Mbele anakwenda Vuai, kichwa kaangusha. Nyuma umati mzima wa mji, na mbele ya umati huo Bi Mwanatumu, analia machozi ya kweli, kwa sababu ya punda.

"Nani amekufa?" akauliza Sultani.

"Wewe, seyidi," akasema Vuai. "Mungu akulaze pema. Gari limekuja kukuzika."

Lo! Palizuka zogo. Waziri alipiga kelele kwamba mtu huyu afungwe, achapwe, atupwe baharini, na kama inawezekana vyote kwa pamoja. Vuai akapiga magoti. "Seyidi, mimi sikuongeza neno. Tajiri alisema litakuzika, nawe ukaniruhusu neno kwa neno. Ukitaka kuona miaka ya gari hili mpaka mwisho, huna budi kupita hapo kwanza, maana miaka mingine iko upande wa pili wa kaburi."

Sultani alimzuia Waziri kwa mkono. Ahadi alikuwa ameitoa mbele ya baraza. Tena, msimwambie mtu, alikuwa amependezwa kidogo na vile vilio. Hakujua kwamba watu wanampenda kiasi hicho.

"Nami nifanye nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Jeneza liko tayari, seyidi."

"Sitalala humo!"

"Basi ufuate kwa miguu, pamoja na wafiwa."

Ikawa Sultani Badawi akafuata mazishi yake mwenyewe, kikombe cha kahawa bado mkononi, mpaka makaburi ya wafalme nyuma ya msikiti. Huko alikuta kaburi limechimbwa, zuri, limenyooka, udongo umekusanywa pembeni. Akachungulia ndani, akarudi nyuma hatua moja. Gari likasimama, jeneza likateremshwa.

"Hapa, seyidi," akasema Vuai, "safari yako imekoma. Gari limekufikisha salama. Tajiri Gongwe, limekohoa?"

"Hata kidogo!" akasema Gongwe, aliyenusa kwamba biashara inakaribia. "Limekohoa wapi! Ndiyo kwanza lina nusu ya umri wake! Limebaki na miaka mingine kama ile iliyopita, wallahi, na zaidi!"

"Na kwa miaka hiyo iliyobaki, nani atalipanda?"

Kabla mtu hajajibu, honi ikalia. Watu wote wakageuka. Bwana Muhidini, ambaye kwa desturi alipaswa kuwa pale ukingoni ampokee ami yake kaburini, alikuwa amekwisha kukaa nyuma ya usukani. Amesogeza kiti mbele, amegeuza kioo ajione kilemba, na anamwambia dereva, "Huu mto wa kiti aliowekewa mzee utupe, una harufu ya ubani."

Akapiga honi tena. Kisha akainua macho, akakutana na macho ya ami yake.

"Ami," akasema, "nilikuwa najaribu tu."

Sultani alitazama kaburi, akatazama gari, akamtazama mwana wa nduguye. Masikio yakamwiva. "Vuai," akasema, "kumbe ile nyongeza niliyotaka kuwauzia watu punda wao..."

"Ni ya miaka ile ambayo wewe utakuwa umelala hapa, seyidi. Miaka yako wewe imo katika bei ya jekundu."

"Tajiri! Lile jekundu litadumu kiasi gani?"

Gongwe akajikuna shingo. "Aa, seyidi... likitunzwa... kumi. Kumi na mitano. Lakini halivuki jangwa."

Sultani akashika ndevu zake, nyeupe zote, akazipima kwa vidole. "Yanitosha," akasema. "Na umri ukizidi, mtanisukuma." Kisha akamgeukia Muhidini kwa upole, upole uliomtisha kila aliyemfahamu. "Mwanangu, mimi sikunyimi. Umenishauri vizuri siku zote hizi, na kweli gari ni la kudumu. Mimi nitatoa bei ya jekundu, maana hiyo ndiyo miaka yangu. Nawe una mashamba ya minazi na farasi sita. Nyongeza toa wewe, gari jeusi tulichukue leo hii."

Muhidini akashuka. Akalizunguka gari jeusi, akaligusa mlango, akalipiga teke gurudumu moja kama analitafutia ugonjwa. Akakohoa.

"Ami," akasema, "kwani lile jekundu lina kasoro gani?"

Hapo Sultani alicheka. Alicheka hata kilemba kikamtoka, akamshika Vuai bega ili asianguke, na watu wa mji wakacheka naye, na wanawake waliokuwa wakilia wakacheka huku machozi hayajakauka. Tajiri Gongwe peke yake hakucheka. Alikuwa anamnong'oneza Waziri kwamba Waziri naye ni mtu mwenye hadhi, angefaa gari jeusi. Sultani akaamuru mbiu nyingine ipigwe papo hapo, kwamba punda wa Mtambwi wabaki kwa wenyewe, asiguswe hata mmoja. Bi Mwanatumu aliposikia, akapiga kigelegele makaburini, jambo ambalo halifanywi, na hakuna aliyemkataza. Kisha Sultani akaamuru Vuai apewe joho na punda wa pili, jike, aliye mwepesi kuliko Kadhi.

Watu wakaanza kutawanyika. Vuai akainama kuaga, akasema, "Seyidi, na hili kaburi? Nimelichimba kwa kipimo cha joho lako. Ukipenda, tuliache lilivyo, lisije likasumbua watu kulichimba tena."

"Lifukie," akasema Sultani.

"Hewalla. Kesho asubuhi nitakuja na jembe."

"Leo."

"Leo Ijumaa, seyidi, watu wanakwenda kuswali. Baada ya..."

Lakini Sultani Badawi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kushika mpini wa kitu chochote isipokuwa jambia, alikuwa amekwisha kuvua joho, amekunja mikono ya kanzu, na anasukuma udongo shimoni kwa mikono yake miwili.