Posho ya Kikao ya Mwenyekiti Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa kiti!

— Kiti cha nani?

Ah, apeni kwanza. Hamtamwambia mtu?

— Hatumwambii!

Hata mimi niliapa hivyohivyo kwa aliyeniambia. Haya, sogeeni.

Hapo kale wanyama walikuwa na Shirika la Asali, mali ya wote, asali ya kulishia watoto kiangazi. Mfalme Simba akamteua Fisi awe mwenyekiti wa bodi. Fisi ajua nini habari za nyuki? Hajui. Ila ni shemeji wa mfalme.

Mlinzi wa ghala alikuwa Nguchiro, mama wa watoto wanne. Siku ya kwanza asali ikapungua. Nguchiro akanusa, nus! nus! akahesabu mitungi. Siku ya pili ikapungua. Akanusa, nus! nus! akahesabu tena. Siku ya tatu Fisi akamjia juu.

"We Nguchiro! Kesho mfalme anakuja. Usipomtaja mwizi, utahama msitu huu na vitoto vyako!"

"Sawa, mheshimiwa."

Sawa, akawaza Nguchiro, lakini mbona ndevu za mheshimiwa zanukia maua, kama asali?

Usiku huo Nguchiro akajibanza ghalani, nyuma ya mitungi. Mara Fisi huyo, peke yake, moja kwa moja hadi kwenye kiti chake cha mwenyekiti. Akaketi, pwaa! Akalamba, mlap! Akasimama. Akaketi tena, pwaa! Akalamba, mlap!

"Posho ya kikao," Fisi akajisemea. "Nimekaa. Hiki si kikao?"

"Kumbe!" Nguchiro akawaza. "Basi kesho utakaa."

Akaenda akachemsha utomvu, akapata ulimbo, ule wa kunasia ndege. Akaupaka kitini, paka, paka, paka.

Asubuhi Fisi akawahi kabla ya wenzake. Akaketi, pwaa! Akapakata mtungi. Mlap! mlap! Mara ngoma nje, ndi! ndi! Wanyama wakajaa. Nguchiro akapaza sauti, "Mfalme huyo! Simameni!"

Wote wakasimama. Fisi tuli.

"Shemeji, husimami?" akauliza Simba.

"Niko kikaoni, mtukufu."

"Simama!"

Fisi akasimama, na kiti kikasimama naye, kimemganda matakoni. Mtungi ukaanguka, puu! Ndevu zikamchuruzika asali, tii, tii, mbele ya wote.

"Kiti hiki ndicho mwizi!" akalia Fisi. "Kimenishika!"

"Mwacheni, jamani," akasema Nguchiro. "Kikao chake hakijafungwa."

Yangu nimeimwaga, wa kuizoa aizoe. Na funzo lake, wajukuu zangu: mkubwa haibi, viti ndivyo vyenye tabia mbaya. Nanyi kumbukeni, mmeapa!