Mwasiti Barazani

Mwasiti wa Korogwe alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa maneno, na riziki yake ilikuwa kuwadai watu madeni ya wengine. Kwa deni jipya alilipwa sehemu ya kumi. Deni lililoota ukungu, robo. Tajiri Shekalaghe, mwenye duka la jumla, akakubali masharti, akampa madeni ya miaka mitatu. Siku ya nne Mwasiti akarudi na pesa zote.

"Robo yangu, bwana."

Tajiri akacheka. "Nasikia ulikuwa ukiketi tu kwenye baraza zao, kimya, mpaka wakalipa. Kuketi nako ni kazi, Bi Mwasiti? Chukua nauli hii, uende zako."

Mwasiti hakubishana. "Haya, bwana. Basi niruhusu nipumzike kidogo hapa barazani kwako. Miguu inaniuma."

"Kaa hata mpaka kesho!"

Akakaa. Wapita njia wakamwamkia, naye akawaitikia kwa upole. Kabla ya adhuhuri, mwenye lori la sukari, aliyemkopesha tajiri bidhaa, akaingia dukani akihema.

"Shekalaghe, nataka pesa yangu leo!"

Nyuma yake akaja wa unga, kisha wa mafuta.

"Jamani, kuna nini?"

"Unatuuliza sisi? Si Mwasiti huyo yuko mlangoni kwako!"

Tajiri akatoka mbio na robo mkononi. "Shika, mama, ondoka!"

Mwasiti akaifunga kwenye pindo la kanga. "Nikiondoka peke yangu, watadhani nimekata tamaa ya kulipwa. Nisindikize mpaka stendi, tukicheka."

Shekalaghe akamsindikiza, akicheka mpaka taya zikamuuma.