Kilichofukiwa Shimoni

Mwanamke mmoja alikuwa na watoto wanne, shamba la mihogo iliyooza ikiwa ardhini, na macho yasiyomwamini mtu. Jina lake Somoe.

Kijiji chao kilipakana na msitu, na msituni kulikuwa na ming'oko, viazi vya porini vilivyowalisha bibi zao kila mwaka katika miezi ya njaa, vihenge vikiwa vitupu na mvua bado inajishauri. Lakini mabibi walikufa, na wajukuu wakazoea unga wa dukani. Mihogo ilipooza ndipo ikagundulika kwamba kijiji kizima kimebakiwa na mtu mmoja tu anayejua kuchimba: Binti Chilumba, mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, mwenye muo, mti wa ncha wa kuchimbia, uliolainika kwa viganja vyake. Kikao kikaamua kila nyumba itoe mtu mzima mmoja akafundishwe. Binti Chilumba alisema hataki malipo. Hapo ndipo Somoe alipoanza kumshuku.

Siku ya kwanza Binti Chilumba aliwaketisha msituni asubuhi nzima, kila mtu peke yake. Alipowakusanya akawauliza ni ndege gani aliyenyamaza walipoingia.

"Tumekuja kuchimba, hatukuja kusikiliza ndege," Somoe alimnong'oneza jirani yake, Esha.

"Usinisemeshe, mwenzangu. Mimi nimepata usingizi wangu mzuri."

Siku ya pili aliwashikisha jani la ndiga, lenye vidole vitatu, ambalo kiazi chake huua, na jani la mng'oko, lenye umbo la moyo, mpaka waweze kuyatambua wamefumba macho. Somoe aliyatambua kabla ya wote. Hakuwa mjinga. Tatizo lake halikuwa ujinga.

Siku ya tatu walichimba. Kila shimo lilipotoa viazi, Binti Chilumba aliwaambia, "Tangulieni," akabaki nyuma. Somoe alijifanya anafunga kanga ili achelewe. Akamwona yule mwanamke ameinama, mikono iko shimoni, anafukia, anashindilia kwa kisigino, kisha anatawanya majani makavu juu, mtu asijue kama pamechimbwa.

"Unafukia nini hapo, dada?"

Binti Chilumba alijipangusa mikono. "Wewe unadhani nafukia nini?"

Wengine, ambao hawakuwa wamefika mbali, walilisikia swali hilo wakaondoka nalo, wakalitafuna njiani. Somoe hakuwa na haja ya kulitafuna. Mtu mwenye jibu safi, aliwaza, hajibu swali kwa swali.

Kesho yake, jua likiwa la utosi, alirudi peke yake. Alifukua shimo la kwanza akakuta kichwa cha kiazi, kikubwa kama ngumi, kikiwa bado na kipande cha shina lake la kutambaa. Akafukua la pili. Kichwa. Alifukua mashimo saba, na kila kichwa alichokitia kikapuni kilimthibitishia kwamba tangu mwanzo alikuwa sahihi. Vichwa vile vilikuwa na nyuzi na uchungu kidogo, lakini watoto walikula, na siku hiyo hawakulia.

Siri hiyo Somoe alimwambia Esha tu. Esha naye hakumwambia mtu, ila dada yake. Mwezi haujaandama, msitu mzima haukuwa na shimo lililobaki limefukiwa, na kila aliyepita mlangoni kwa Binti Chilumba alimwamkia kwa heshima zaidi kuliko zamani.

Mwaka wa pili njaa ilirudi. Waliingia msituni na vikapu vyao na mafunzo yao. Ndiga ilikuwa imetambaa kila mti. Jani la moyo hakuna. Wakakubaliana, bila hata kikao, kwamba Binti Chilumba amehamisha viazi. Somoe, ambaye mtoto wake wa mwisho alikuwa ameanza kuvimba miguu, ndiye aliyekwenda kumkabili.

"Umevificha wapi?"

Binti Chilumba alichukua muo wake akatangulia. Walitembea mpaka ng'ambo ya korongo, mahali ambapo Somoe hakuwahi kufika, penye shina moja la mng'oko, la kijani, limejizungusha kwenye kichaka.

"Kichwa kikirudi ardhini huzaa tena," alisema. "Nilikuwa nakuwekea chakula cha mwaka huu, nawe ukakila mwaka jana."

Akampa muo, akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Somoe alichimba. Alipata viazi vitano. Kisha akakishika kichwa kiganjani, na ladha yake akaikumbuka. Kingemshibisha mtoto mmoja, siku moja. Alikaa nacho muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na kitu chochote msituni humo, hata siku ile ya ndege. Mwishowe alikitenga na viazi, akakirudisha shimoni, akafukia. Akashindilia kwa kisigino. Akatawanya majani makavu juu, nguruwe wasije wakapaona.

Kijiti kikavunjika nyuma yake. Ndege waliokuwa wakilia wakanyamaza, na safari hii Somoe aliwasikia wakinyamaza.

Alikuwa Esha, amesimama nyuma ya kichaka na kikapu kitupu, anaitazama mikono ya mwenzake yenye udongo. Somoe aliyajua macho yale. Yalikuwa yake mwenyewe.

"Unafukia nini hapo, shoga?" Esha aliuliza.

Ninyi mnaosikiliza, na hasa ninyi mnaofundisha: Somoe amwite aje aone, au naye amuulize anadhani nini?