Meno Thelathini na Manne

"Ukipotewa na mfuniko, kiulize chungu." Mmeisikia leo asubuhi sokoni, mkaja mbio kuniuliza chungu huulizwaje na hujibu kwa mdomo gani. Kaeni basi, na anayetafuna muwa atafune taratibu. Methali hii haikuletwa na upepo. Ilizaliwa hapa hapa Kyela, ndani ya yadi ya chama cha ushirika, enzi zile ambapo spea za gari zilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulikuwa tukiisikia kwa jirani tu.

Katika yadi hiyo palikuwa na lori kuukuu lililoitwa Kishindo. Lilikuwa miongoni mwa malori ya mwanzo kabisa kushuka katika bonde hili, malori ya magurudumu yenye njiti za mbao, taa za kuwashwa kwa kiberiti na kibanda cha dereva kisicho na milango. Lilibeba mpunga mpaka likachoka, likasukumwa nyuma ya ghala, likakaa huko zaidi ya miaka thelathini. Kuku walitagia ndani yake. Na kila aliyepungukiwa na kitu nyumbani alikwenda kukinyofoa kwa Kishindo. Mmoja alichukua bati la boneti akaezekea choo, mwingine akachukua springi za kiti, hata kifuniko cha rejeta kilionekana siku moja kikitumika kupimia karanga.

Mtu pekee aliyeumia alipoliona hivyo alikuwa Fundi Asegelile Mwambungu, ambaye banda lake la ufundi lilikuwa kwenye kona ya yadi. Baba yake ndiye aliyekuwa dereva wa kwanza wa Kishindo. Marehemu hakuacha picha hata moja. Kilichobaki cha kumkumbuka ni lori lile, nalo lilikuwa linaliwa kidogo kidogo huku mwanawe akitazama.

Siku moja Mwenyekiti wa ushirika, Bwana Mwakilasa, alitangaza mkutanoni kwamba siku ya Saba Saba gari la chuma chakavu litakuja kuzoa vyuma vyote vya yadi vikayeyushwe. Fundi Asegelile akasimama.

"Mwenyekiti, naomba mniachie Kishindo. Siku hiyo hiyo ya Saba Saba litatoka hapa kwa nguvu zake lenyewe, liende mpaka uwanjani."

Watu wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi.

"Na lisipotoka?" Mwenyekiti akauliza.

"Lizoeni. Na ufunguo wa banda langu mchukue."

Kicheko kikakatika. Banda lile ndilo lililomlisha yeye na watoto wake saba, na kila mtu pale alijua. Lakini neno likitoka mkutanoni halirudi, likaandikwa.

Miezi mitano ilikuwa imebaki. Fundi hakupoteza siku. Njiti za magurudumu alizichonga kwa mti wa mninga, moja moja. Vikombe vya taa alivifua kwa shaba ya mabirika mabovu. Gasketi alizikata kwenye ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa katika mafuta. Penye skrubu iliyopotea aliweka aliyoitengeneza kwa tupa. Watu wakaanza kupita yadini kuchungulia, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa udadisi, na mwishowe hata aliyeezekea choo alirudisha bati la boneti bila kuombwa, akidai eti alikuwa amelihifadhi tu.

Ikabaki gia moja.

Mbele ya injini ya Kishindo palikuwa na gia tatu. Ya chini ilizungushwa na injini, ya juu ilifungua valvu, na ya kati ilipokea mzunguko kwa ya chini ikaipa ya juu. Ya chini ilikuwepo, ya juu ilikuwepo, hata pini ya kubebea ile ya kati ilikuwa mahali pake. Gia yenyewe ndiyo iliyotoweka, na bila hiyo injini ile ilikuwa sawa na debe.

Hapo Fundi Asegelile akafanya kosa ambalo mtu yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya. Akaenda kuwauliza wazee.

Mzee Kabuje, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa mpima mpunga wa ushirika tangu enzi za Kishindo, akasema, "Ilikuwa na meno arobaini. Niliwahi kuisafisha kwa mikono hii." Mzee Andulile, aliyekuwa utingo wa Kishindo, akaapa kwamba yalikuwa thelathini na mawili. Fundi mwenyewe alikumbuka thelathini na sita, maana akiwa mtoto aliwahi kuyahesabu pembeni mwa baba yake. Lakini utamwambia nini mzee? Mkubwa hasahihishwi, hupishwa. Akachonga kwanza gia ya mbao ya meno arobaini, kwa heshima ya Mzee Kabuje. Ikakataa kuingia. Akachonga ya thelathini na mawili kwa heshima ya Mzee Andulile. Ikaingia, ikaelea, haikumgusa jirani yeyote. Kila gia ilimla wiki nzima.

Mwisho akachonga yake, ya thelathini na sita. Hiyo aliichonga akiwa na hakika, hata akaimba. Nayo ikakwama. Siku hiyo Fundi Asegelile aliketi juu ya tairi akajisikia yatima kwa mara ya pili. Kumbukumbu aliyoitunza maisha yake yote, ya yeye na baba yake na ile gia, nayo haikuwa ya kweli. Zilibaki siku kumi na tisa.

Sasa, kando ya ukuta wa yadi, kila Alhamisi, alikuwa akiuza vyungu mama mmoja Mkisi kutoka Ikombe, Bibi Tumwitike. Wakisi mnawajua, udongo kwao ni lugha ya pili. Alhamisi hiyo Fundi alikuwa amesimama karibu naye, gia ya tatu mkononi, akiipeleka motoni ikawe kuni. Akamsikia mteja mmoja akilalamika.

"Mfuniko wa chungu changu umevunjika, bibi. Nitengenezee mwingine. Ulikuwa mpana hivi." Akapanua viganja. "Au hivi."

"Mikono yako inakua kadiri unavyoongea," Bibi Tumwitike akasema. "Niletee chungu."

"Nisikuletee vipande vya mfuniko?"

"Vya nini? Chungu ndicho kilichokuwa kikikaliwa na mfuniko kila siku, wewe ulikuwa ukiutazama tu. Ukipotewa na mfuniko, kiulize chungu. Usikiulize kichwa chako."

Fundi Asegelile akasimama kama aliyeitwa jina lake. Akaiweka gia ya mbao chini, akamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Udongo wako unaweza kuingia kwenye injini?"

Bibi akacheka. "Udongo huingia kila mahali, baba. Shida ni kuutoa."

Akanawa mikono, akabeba donge la udongo uliofinyangwa vizuri, akafuatana naye mpaka kwa Kishindo. Akainama mbele ya injini. "Mfuniko ni ile iliyopotea, nimeelewa. Chungu chako kiko wapi?"

"Ni hii gia ya chini, na hii ya juu, na hii pini."

"Wote watatu wapo hapa wanakutazama, nawe umekwenda kuwasumbua wazee?"

Bibi Tumwitike akafinyanga duara nene la udongo, akalitoboa katikati, akalivika kwenye pini. Kisha akamwambia Fundi azungushe hendeli ya kuwashia injini, lakini polepole, kama anayebembeleza mtoto. Gia ya chini ikaanza kuuchonga udongo, ya juu nayo ikauchonga, na meno yakajitokeza yenyewe. Mzunguko wa kwanza ulipokamilika, alama zikapandana, kwa kuwa duara lilikuwa kubwa mno. Bibi akalipunguza kwa kipande cha mwanzi, akasawazisha, wakazungusha tena. Wakafanya hivyo mara tano. Mara ya tano alama ya mwisho ikatua juu ya ile ya kwanza, haikupungua wala kuzidi.

Fundi akayahesabu meno. Akarudia. Akarudia tena akigusa moja moja kwa kidole. Yalikuwa thelathini na manne, idadi ambayo hakuna mtu yeyote aliyekuwa ameitaja.

Kwa furaha akataka kulikimbiza duara lile motoni likakauke. Bibi akampiga kofi mkononi. "Acha! Udongo ukikauka husinyaa. Utapata gia ya kuchezea watoto. Pima sasa hivi ungali mbichi!"

Akapima. Akachora umbo lake juu ya bati, kisha akatafuta sahani tatu za plau mbovu ya trekta. Akazipasha moto zikawa nyekundu, akazizika kwenye majivu zipoe taratibu mpaka chuma kikalainika. Akazinyoosha juu ya fuawe, akazipiga ribiti pamoja zikawa kitu kimoja, akaanza kukata kwa msumeno na kumalizia kwa tupa. Meno mawili kwa siku, hakuweza zaidi. Vidole vilichubuka, akavifunga vitambaa, akaendelea. Jino la mwisho lilikamilika jioni ya tarehe sita.

Asubuhi ya Saba Saba yadi ilijaa watu mpaka juu ya ukuta. Gari la chuma chakavu lilikwisha kufika, likasimama langoni, dereva wake akiegemea mlango kwa subira ya mtu anayejua atakachopakia. Mwenyekiti alisimama mbele, akinyoosha mkono tayari kupokea ufunguo.

Fundi Asegelile akashika hendeli. Akazungusha, kimya. Akazungusha tena, Kishindo likakohoa moshi, watu wakaguna. Mara ya tatu alijitupa na mwili wake wote, na injini ikapokea. Ikanguruma! Ardhi ikatetemeka, kuku wakaruka ukuta, akina mama wakapiga vigelegele mpaka injini yenyewe ikawa haisikiki. Fundi akalia mbele ya umma, bila aibu, huku anacheka. Akampandisha Bibi Tumwitike kiti cha mbele, vyungu vyake vikapakiwa nyuma, na Kishindo likatoka langoni likimpita yule dereva wa chuma chakavu, ambaye naye alijikuta anapiga makofi. Mpaka uwanjani, hakuna chungu hata kimoja kilichopasuka.

Pale uwanjani Mzee Kabuje akasukuma watu kwa mkongojo wake mpaka akafika. "Arobaini, siyo?" akauliza kwa sauti ya kusikika.

Kumkosoa mzee hadharani si mchezo.

"Thelathini na manne, babu," Fundi akajibu kwa adabu.

"Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa na mtu. Nilipotewa na mfuniko, nikakiuliza chungu."

Mzee Kabuje akalitazama lori lile likitetemeka kwa uhai, akalitazama sana. Kisha akavua kofia yake. "Basi chungu kina kumbukumbu kunishinda," akasema. "Nipandisheni, nami nikazunguke."

Umati ukalipuka kwa kicheko, na jioni ile neno lile lilikuwa midomoni mwa watu wote. Tangu hapo, watu wakibishana kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye anayekumbuka, huwa hatuwapimi kwa umri wala kwa ukubwa wa kiapo. Tunakwenda penye pengo, tunalitazama, maana kilichoondoka huacha umbo lake pale kilipokuwa kimekaa. Ukipotewa na mfuniko, kiulize chungu.