Mchanga Ndani ya Mtungi

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika milima ya Yemen palikuwa na kijiji cha wafinyanzi, na miongoni mwao mjane mchamungu aitwaye Rufayda. Mja huyu alijaribu na kuvunja, akaanza upya, hata Mola akamfungulia jambo ambalo pale hakuna aliyewahi kulifanya: mtungi unaopoza maji katika joto kali. Aliweka mtungi mdogo ndani ya mkubwa, akajaza mchanga katikati, akaziba ukingo kwa chokaa na kuacha kitundu cha kuloweshea mchanga ule. Kwa nje hakikuonekana kitu. Siri hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mayatima wake, kwani mitungi ya kawaida kila nyumba ilifinyanga.

Mfanyabiashara mmoja, Harthama, akawa anainunua mitungi hiyo na kuiuza mjini. Faida ya halali haikumtosha. Akawaambia watu kwamba imesomewa na walii, na kwamba mwenye kumimina maji katika kitundu kile kwa nia safi, atakayoyanywa ni shifaa ya kila maradhi. Tazameni ujasiri wa mtu huyu! Jasho la mjane aliligeuza karama, na jina la Mola akalinadi sokoni pamoja na vitunguu.

Rufayda hakujua lolote, mpaka alipofika mlangoni kwake mtu aitwaye Dhakwani, amembeba mkewe mgongoni.

"Mama," akasema, "tunakunywa maji ya mtungi wako na homa haiondoki. Labda nia yangu ndiyo chafu. Tuombee kwa huyo walii."

"Walii gani, mwanangu? Tabibu amesemaje?"

"Tabibu tulimwacha. Tuliambiwa anayechanganya dawa na mtungi huu anaharibu baraka."

Bi Rufayda akalia kwa hasira. Akamlaza mgonjwa kitandani kwake, akaagiza tabibu aitwe, kisha akateremka mjini, sokoni kwa Harthama.

"Nyamaza, bibi," Harthama akamwambia. "Ulinivunjikia mmoja, nayajua ya ndani. Ukisema ni mchanga, kila mfinyanzi atautengeneza mtungi huu, na wanao watalala njaa. Kwani nimemdhuru nani? Watu wanamtaja Mungu zaidi kwa sababu yangu."

"Wanamtaja kwa uongo wako! Huogopi?"

Harthama akacheka, akamwamuru mnadi wake aendelee. Hapo Bi Rufayda akauinua mtungi mmoja mbele ya halaiki, akaupiga chini. Mchanga ukamwagika miguuni mwa watu.

"Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Humu hamna walii. Ni mchanga wa bondeni, nimeutia kwa mikono yangu hii. Unapoza maji, hauponyi homa. Wagonjwa wenu wapelekeni kwa tabibu, na Mola mwombeni bila kununua kitu!"

Wafinyanzi wenzake waliokuwa sokoni wakavitazama vile vigae, wakaelewa. Haukupita muda kila nyumba ikawa inafinyanga mtungi ule, na Bi Rufayda akarudia vyungu vya kupikia, akila kidogo na wanawe. Harthama, laana ya waongo imfikie, alihamia mji mwingine na bidhaa nyingine.

Ama mke wa Dhakwani, tabibu alimkuta amechelewa. Alifariki, na Bi Rufayda ndiye aliyemwosha. Jirani mmoja akamwuliza kama hajutii kuifichua siri yake.

"Siri siijutii," akajibu. "Najuta kwamba mitungi yangu ilinunuliwa kwa wingi hivyo, nami nikafurahi tu, sikuuliza inauzwa kwa maneno gani."

Ndugu zangu, mwanamke huyu hakudanganya hata neno moja, na bado alijihesabu. Nasi tunawaona akina Harthama kila siku, wakiziuza chupa na mafuta kwa jina la Mola wetu, tunapita tukiwaamkia kwa heshima. Tutajibu nini siku atakaposimama mbele yetu yule aliyeacha dawa, atuulize kwa nini tulinyamaza?